Asubuhi Inamkataa, Mchana Inamkubali

"Dadangu, asubuhi inanikataa, mchana inanikubali."

Hivyo ndivyo alivyonieleza kwenye simu, na mimi nikacheka. Nilikuwa juu ya ngazi katika hoteli moja ya Diani, simu nimeibana kwa bega, mikono imejaa waya. Nikamwambia mashine si mke mwenza hata iamke na kinyongo kisha itulie mchana. Akacheka kidogo kwa adabu, halafu akarudia maneno yale yale polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake namba ya simu. Asubuhi inamkataa. Mchana inamkubali.

Alikuwa karani wa kumbukumbu katika kituo kidogo cha afya, njia ya Msambweni. Kazi yake ilikuwa kuingiza mafaili ya wajawazito kwenye kompyuta: nani amekuja, amepimwa nini, arudi lini. Kazi yangu mimi ni ile mashine kubwa iliyofungiwa chumba cha nyuma, inayoyahifadhi mafaili hayo yote. Natunza seva za namna hiyo kuanzia Ukunda hadi Shimoni, za vituo vya afya, hoteli na shule, na nyingi zinaendeshwa na Unix, ambayo haina picha wala mbwembwe. Ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Unaiandikia neno, inakujibu neno. Nililipenda hilo tangu siku ya kwanza. Watu hunichosha haraka, sifichi, na mashine haina undugu wala haimwonei mtu haya. Nilikuwa nikijisifia jambo hilo mbele za watu.

Nikaanza kumtibu kwa simu. Siku ya kwanza nikamwambia aangalie kitufe cha herufi kubwa. Siku ya pili nikamwambia abadilishe neno la siri. Akalibadilisha mchana, ilipomkubali, na kesho yake asubuhi ikalikataa hilo jipya pia. Siku ya tatu nikamwambia aazime kibodi ya chumba cha dawa. Ikamkataa. Adhana ya adhuhuri ikatoka, akaenda kuswali, akala, akarudi, akaandika neno lile lile kwa kibodi ile ile, ikamfungulia. Manesi wakaanza kumtania kwamba mashine imeshika dini, haimfungulii mtu mpaka aswali kwanza. Mmoja akashauri iandikiwe kombe, zile aya za kuoshwa kwa maji akanywa mgonjwa.

Sikuelewa hata kidogo. Na mimi nisipoelewa jambo hukasirika, na nikikasirika huanza kumtafuta mtu aliyekosea.

Inabidi nirudi nyuma wiki mbili kabla ya simu hizo. Siku hiyo nilikuwa Taru, kando ya barabara kuu, nachagua mbuzi wa akika ya mtoto wa dada yangu. Umeme ulikuwa umekatika kule kituoni, ukarudi, na seva ikagoma kuwaka. Aliyenipigia ni mzee wa lango. Yeye ndiye huwasha jenereta, kwa hiyo funguo za chumba cha nyuma huwa kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na nyumbani hawajambo? Mashine yako imesimama, inaniuliza tarehe na saa."

Nikajua papo hapo. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa kifungo cha koti, na kazi yake ni kuifanya mashine ikumbuke saa hata umeme ukizimika. Ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika mashine inasahau siku na saa, na ukirudi inamuuliza mtu.

"Iandikie tu, baba. Tarehe ya leo, kisha saa."

"Saa ipi, mwanangu?"

Mbuzi walikuwa wanapiga kelele, na mwenye mbuzi ananivuta mkono nisije nikahamia kwa jirani yake. "Si una saa ya mkono, baba? Iandike ilivyo. Usifikirie, iandike vile vile ilivyo."

"Vile vile ilivyo," akaitikia. Baada ya dakika chache akaniambia imewaka. Nikamshukuru, nikamuahidi kwamba betri nitaileta wiki hiyo hiyo. Sikuileta. Kulikuwa na akika, kisha hoteli, kisha hoteli nyingine, na seva ilikuwa inafanya kazi, kwa hiyo nikaisahau.

Nilifika kituoni Jumatatu, watu wameshatoka msikitini. Karani alinikaribisha chumbani mwake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kupanga kalamu zake sambamba kama vijiko. Akanipa maji, akaniulizia nyumbani, kisha akaniwekea mbele yangu daftari la shule lenye jalada la kijani.

"Nimeandika humu, dadangu. Kila siku, na saa yake."

Nikalisogeza kwa kiwiko nipate pa kuweka kompyuta yangu. Nalikumbuka vizuri lilivyoteleza mpaka ukingoni mwa meza, na yeye akalidaka lisianguke. "Mashine yenyewe inaandika," nikamwambia. "Kila anayeingia na kila anayejaribu kuingia, na dakika yake. Daftari la nini?"

Seva ile haina mtandao wa nje siku zote. Mimi ndiye huiunganisha nikienda, kwa kifaa changu, ili ipate inachohitaji. Nikaiunganisha. Kisha nikamwambia karani aingie, akaingia mara moja, bila shida. Akanitazama kwa wasiwasi, akasema, "Lakini huu ni mchana."

Nikafungua kumbukumbu za seva, na hapo ndipo nilipopotea.

Akaunti yake nilikuwa nimeiwekea mipaka ya saa mwenyewe, kwa amri ya metroni, mkuu wa manesi: iruhusiwe kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, usiku ikatae. Manesi wana zamu za usiku na mchana, wao hawana mipaka. Karani peke yake ndiye mtu wa mchana tu. Sasa kwenye kioo niliona safu ya majaribio yaliyokataliwa, yote kwa jina lake, yote kutoka kompyuta ya chumba kile tulichokaa: 02:03. 02:04. 02:11. Kesho yake, 02:01. Kesho kutwa, 02:05. Siku za kazi zote, wiki tatu. Saa nane za usiku.

Nikatafuta majaribio ya asubuhi aliyokuwa akiyalalamikia. Hayakuwepo. Asubuhi, kuanzia saa moja na dakika chache mpaka saa nne, seva iliandika kwamba aliingia na akakubaliwa vizuri. Mchana, ambapo yeye alisema ndipo alipokuwa akifanya kazi, hakukuwa na kitu. Alichosema kilikuwa kinyume kabisa cha kilichoandikwa. Niliisoma mara tatu.

"Unakuja hapa usiku?" nikamuuliza.

"Usiku?" Alidhani natania. "Nije kufanya nini, dadangu? Usiku niko Bongwe, nyumbani kwangu. Mama mkwe yuko chumba cha pili."

"Umempa mtu ufunguo? Neno la siri?"

"Wallahi sijampa mtu."

Nilimhurumia, lakini nilikuwa na hasira zaidi ya huruma, maana nilijiona nimefanywa mjinga kwa wiki nzima na kibodi za kuazima. Mmoja kati ya wawili hawa alikuwa hasemi kweli, na mashine haikuwa na sababu ya kudanganya. Nikaenda kwa metroni, mama wa bara asiyependa maneno mengi.

"Sasa fundi, hii kitu inasema nini? Kuna mtu anaingia huku usiku ama hakuna?"

"Inasema kuna anayejaribu."

"Kwa kompyuta yake?"

"Kwa kompyuta yake, na kwa jina lake."

"Niandikie hiyo maneno."

Nikaandika nusu ukurasa, nikatia sahihi. Saa ile ile karani akaambiwa arudishe funguo za chumba, akae nyumbani mpaka Alhamisi, kamati ya kituo ikae iamue. Alipita mbele yangu ukumbini amelibana daftari lake chini ya buibui.

Usiku wa kuamkia Jumanne hakukuwa na jaribio lolote; asubuhi nilimwelekeza metroni akaisoma seva mwenyewe. "Umeona?" metroni akaniambia kwenye simu. "Amejua tumemjua." Nikakubali kwamba nimeona. Lakini nilikaa kitako nikashindwa kula. Kama ni mwizi wa siri za wagonjwa, mbona anagonga mlango ule ule uliofungwa wiki tatu, kila siku, asijaribu mlango mwingine? Na hiyo saa moja asubuhi ambayo seva inasema ameingia, lango la kituo huwa bado limefungwa. Ama mashine yangu ilikuwa mgonjwa ama mimi. Jumatano nikapanda boda kurudi, nikiwa na nia ya kuipima kuanzia diski hadi kumbukumbu.

Mzee wa lango alinipokea kwa salamu fupi, jambo lisilo la kawaida yake.

"Mwanangu, umesikia habari za yule binti?"

"Habari gani, baba?"

Akanieleza taratibu, bila kunilaumu, na kwa hivyo ikauma zaidi. Mume wa karani anafanya kazi kwenye mashua za Shimoni, anavusha wageni Wasini, na siku za kazi hulala huko huko. Karatasi yangu ilimfikia kwa midomo ya watu kabla ya magharibi ya Jumatatu. Mke wake, saa nane za usiku, yuko kituoni, chumba kimefungwa. Kuna mtu gani huko usiku? Alirudi Jumanne, hakupiga kelele, hakumgusa. Alikunja nguo zake mwenyewe akazitia kwenye mfuko, akauweka mfuko karibu na mlango, akasema atangoja kamati iseme. Kamati ikisema karatasi ni kweli, atajua la kufanya.

"Na mama mkwe?" nikauliza. "Si walikuwa naye nyumba moja?"

"Amesema. Lakini wanasema ni mtu mzima, akilala amelala. Na mashine haisinzii."

Hayo ya mwisho yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyasema ukumbini Jumatatu kwa sauti, ili nionekane najua. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha.

Nikaingia chumba cha nyuma. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha seva, nikiinuka kuchukua brashi ya vumbi, umeme ukakatika. Feni ikazunguka ikapungua ikasimama. Nje nikamsikia mzee akiliamsha jenereta, mara ya kwanza, mara ya pili, likashika. Seva ikapumua, kioo kikawaka, na mstari mmoja ukatokea ukitaka tarehe na saa. Ile betri. Nikajitukana kimoyomoyo.

Mzee akaingia akijifuta mafuta mikononi. Akakiona kioo, akatabasamu kidogo, mara ya kwanza siku hiyo.

"Niachie, mwanangu. Hii naijua. Ulinifundisha mwenyewe."

Nikampisha. Akainama, akavaa miwani, akaandika tarehe kwa kidole kimoja, bila kukosea. Kisha akakunja mkono wa kanzu, akaitazama saa yake ya mkono, saa kuukuu ya mishale yenye kioo kilichochubuka, na akaandika: 04:20.

Nikatazama simu yangu. 10:20.

Nikamwomba anionyeshe mkono wake. Mshale mfupi ulikuwa umepita nne, mrefu uko kwenye nne. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, na saa yake ilisema hivyo hivyo, nne na dakika ishirini.

"Baba, saa yako umeitega vipi?"

Aliniangalia kama ninayeuliza kaskazini iko wapi. "Kama marehemu baba alivyoitega yake. Magharibi ni kumi na mbili. Ninyi mnazitega kizungu, kisha kila mkitaka kujua saa mnahesabu kichwani. Mimi ya nini kujisumbua?"

Nikakaa chini sakafuni, kwenye vumbi. Wiki tatu nzima seva ile ilikuwa ikihesabu saa kama inavyohesabiwa jikoni kwa mama yangu. Karani akifika saa mbili asubuhi, seva inaona 02:00, inadhani ni usiku, inamkataa kwa ile amri niliyoiweka mimi. Ikifika saa saba mchana, inaona 07:00, inadhani kumekucha, inamfungulia. Jumatatu nilipoiunganisha na mtandao, ilijirekebisha saa yake yenyewe kimya kimya, ndiyo maana sikuona kasoro yoyote nilipokuwa mbele yake, na ndiyo maana "majaribio ya usiku" yalikoma. Asubuhi inamkataa, mchana inamkubali. Hakuongeza wala hakupunguza.

Na mzee aliniuliza. "Saa ipi, mwanangu?" Mimi nikamwambia asifikirie.

"Nimeharibu kitu?" akauliza, uso umebadilika.

"Wewe hukuharibu, baba. Umeandika nilivyokwambia." Nikairekebisha seva iwe 10:20.

Metroni alinisikiliza mpaka mwisho, akaitisha saa ya mzee aione kwa macho yake, akaigeuza geuza. "Kwa hivyo ni wewe," akasema. Nikasema ni mimi. Akaichana ile nusu ukurasa mbele yangu, akapiga simu kwa mwenyekiti wa kamati kuuvunja mkutano wa Alhamisi, kisha akampigia karani kumwambia arudi kazini kesho. Sikusikia karani alijibu nini. Metroni alisema amejibu "ahsante" tu.

Ingeweza kuishia hapo, na ningependa iishie hapo. Lakini kila nikifumba macho niliuona ule mfuko karibu na mlango. Nikachapisha kurasa za kumbukumbu za seva, zote za wiki tatu, nikapanda boda hadi Bongwe. Nilifika alasiri. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchicha. Mume alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama sakafu. Mfuko ulikuwepo, mweusi, zipu imefungwa. Karani alisimama mlangoni mwa jikoni, na niliposalimia aliitikia kwa sababu ni lazima kuitikia.

Nikaeleza. Nilianza na betri, nikaona nawapoteza, nikaacha, nikaanza na mbuzi wa Taru. Nikaeleza saa ya mzee. Nikasema kosa ni langu, nikalisema mara mbili, na nikaomba radhi kwa mama mkwe kwanza, kisha kwa karani, kisha kwa mume.

Mume alisikiliza vizuri, kwa heshima. Halafu akasema, "Jumatatu ulileta karatasi. Leo umeleta karatasi. Mimi ni mtu wa mashua, dada. Nitajuaje ipi ya kuamini?"

Ndilo swali nililopaswa kujiuliza siku ile ya kwanza, na sasa aliniuliza mtu ambaye nimemvurugia nyumba.

Karani akaingia chumbani, akatoka na daftari la kijani. Akakaa kwenye mkeka, akalifungua magotini. "Soma zako," akaniambia.

"Nisome?"

"Soma. Kuanzia siku ya kwanza."

Nikavaa miwani. "Mbili na dakika tatu, imekataa."

Akaweka kidole kwenye mstari wake. "Saa mbili na dakika tatu. Imekataa."

"Mbili na dakika nne, imekataa."

"Saa mbili na dakika nne. Imekataa."

"Mbili na kumi na moja, imekataa."

"Saa mbili na kumi na moja. Imekataa. Nimeenda kumuuliza nesi."

"Saba na dakika tano, imekubali."

"Saa saba na dakika tano, baada ya kuswali. Imekubali."

Dakika kwa dakika. Yote yalikuwa kwenye lile daftari nililolisogeza kwa kiwiko. Ningelifungua tu, ukurasa mmoja, nisingeandika chochote. Mama mkwe aliacha mchicha. Tukamaliza siku ya kwanza, tukaingia ya pili, na katikati ya siku ya tatu mume akainuka. Akauchukua mfuko karibu na mlango, akaupeleka chumbani. Tukasikia zipu ikifunguliwa, na droo ya kabati.

Nilidhani imekwisha. Nikaanza kukunja karatasi zangu.

Karani hakugeuka kutazama chumbani. Kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari, kimetulia.

"Endelea kusoma," akaniambia. "Bado ziko nyingi."